Amri Iliyokwama Ukutani: Namna ya Kufikisha Rimoti Mbali na King'amuzi

Nyumba nyingi zenye dishi juu ya paa zina king'amuzi kimoja na televisheni mbili. King'amuzi kimewekwa sebuleni, waya umepenyezwa ukutani hadi chumbani, na picha inaonekana huko bila shida. Kisichovuka ni amri. Anayetaka kutoka kwenye taarifa ya habari kwenda kwenye mpira lazima ainuke, aende sebuleni, abonyeze, kisha arudi kitandani aone kama amepata alichokitaka. Kijana mzima ataliita hilo usumbufu tu. Kwa mgonjwa anayeuguzwa nyumbani, au kwa bibi ambaye magoti yamemgomea, maana yake ni kuomba msaada kila anapotaka kubadili chaneli, na baada ya muda kuacha kuomba.

Ndiyo maana suala hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa dukani. Mteja hueleza kwamba rimoti haifiki, muuzaji humpa kifaa, naye hurudi nyumbani na kukuta mambo ni yaleyale. Hali huwa hivyo kwa sababu rimoti hushindwa kufika kwa sababu nne zilizo tofauti kabisa. Huenda mwanga wake ni hafifu. Huenda umezidiwa na mianga mingine. Huenda umezibwa. Au huenda aliyeko chumbani anahitaji kitu ambacho rimoti haiwezi kumpa hata ikifika. Dawa ya sababu moja haitibu nyingine, kwa hiyo lazima tujue kwanza amri inakwama wapi, ndipo tuamue ipite njia gani na iishie wapi.

Amri husafirije

Rimoti ya kawaida ya king'amuzi ni tochi ambayo macho yetu hayaioni. Mbele yake kuna taa ndogo ya LED inayotoa mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 940, ilhali uwezo wa jicho la binadamu hufifia kabisa baada ya nanomita 700 na kidogo. Kitufe kikibonyezwa, taa hiyo humetameta kwa kasi kubwa, mara nyingi mara 38,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 38, ingawa wapo watengenezaji wanaotumia kilohezi 36, 40 au hata 56. Juu ya mmeto huo ndipo ujumbe wenyewe huandikwa, kwa vipindi vya kuwaka na kuzima ambavyo king'amuzi huvisoma kama tarakimu.

Mmoja kati ya mifumo iliyoenea sana ni ule wa kampuni ya NEC ya Japani. Ujumbe wake huanza na mwako wa milisekunde 9, ukafuata utulivu wa milisekunde 4.5, kisha biti 32. Katika umbo lake la awali, biti hizo hubeba namba ya kifaa kinachoitwa na namba ya amri, na kila namba hufuatwa na kinyume chake ili mpokeaji aweze kuhakiki. Yote hayo hukamilika kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwisha.

Uhakiki huo unaeleza jambo linalowachanganya wengi. King'amuzi hakitii amri nusunusu: biti moja ikiharibika, ujumbe mzima hutupwa. Hivyo mtu aliye karibu hubadilisha chaneli mara ya kwanza, akirudi nyuma hatua chache hulazimika kubonyeza tena na tena, na akizidi kurudi nyuma hapati kitu. Wengi hudhani kitufe kimechoka, kumbe mwanga umefika mpakani mwa uwezo wake.

Mpaka huo una kanuni yake. Mwanga unaosambaa hupungua kwa mraba wa umbali. Ukirudi nyuma kutoka mita 4 hadi mita 8, jicho la king'amuzi hupata robo tu ya mwanga liliokuwa likipata. Kwa hiyo anayetaka kuongeza umbali maradufu anahitaji mwanga mara nne. Fundi anayefungua rimoti na kuongeza LED ya pili huongeza mwanga maradufu, lakini umbali huongezeka kwa asilimia 40 hivi: rimoti iliyokuwa ikiishia mita 8 itafika kama mita 11, na betri zitaisha mapema zaidi. Katika ukumbi mrefu hilo ni jambo la maana. Penye ukuta halisaidii, kwa sababu tofali, zege na mbao huuzima mwanga huu wote, uwe mwingi au kidogo.

Hata hivyo, mwanga wa infraredi una tabia moja ya kumfaa mwenye nyumba: hudunda. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe na dari ya jipsamu huurudisha sehemu kubwa, ndiyo maana rimoti huweza kufanya kazi hata ikielekezwa nyuma. Hupita pia kwenye kioo cha kawaida. Nyumba ambayo mlango wa chumba unatazamana na ukumbi mweupe huweza kuvusha amri kwa mdundo mmoja au miwili bila kifaa chochote, mradi king'amuzi kimewekwa mahali ambapo mdundo huo unakifikia.

Mpaka uliowekwa kwa makusudi

Kwa nini basi watengenezaji hawakuchagua tangu mwanzo njia inayopita ukutani? Jibu limo katika historia. Kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa mwaka 1950 rimoti ya waya iliyoitwa Lazy Bones, na watu wakalalamika kwamba wanajikwaa kwenye waya uliolala sakafuni. Mwaka 1955 mhandisi wake Eugene Polley alileta Flash-Matic, iliyotumia mwanga wa kawaida kulenga vihisi vilivyowekwa kwenye pembe za televisheni. Hiyo nayo ikashindwa na jua, kwani miale iliyoingia dirishani iliweza kubadilisha chaneli yenyewe. Redio ilifikiriwa ikakataliwa, kwa sababu mawimbi yake yangepenya ukutani na kumbadilishia jirani vipindi vyake. Mwaka 1956 Robert Adler akaja na Space Command, iliyotumia sauti za juu ambazo sikio la binadamu halizisikii. Njia hiyo ilitawala kwa zaidi ya miaka 20, mpaka infraredi ilipochukua nafasi yake.

Historia hii inatufundisha kwamba kukwama ukutani kulionekana kuwa sifa njema. Amri ilitakiwa ibaki chumbani ilikotolewa. Kwetu sisi, ambako nyumba za kupanga zimebanana na majirani wengi hununua king'amuzi cha kampuni ileile chenye rimoti zinazofanana kabisa, sifa hiyo bado ina thamani. Anayeuondoa mpaka huo achukue na dhima ya kujua amri zake zinakwenda wapi.

Kabla ya kununua chochote

Sababu ya kwanza, mwanga hafifu, kwa kawaida hutokana na betri. Betri mbili mpya za AAA hutoa volti 1.5 kila moja, jumla volti 3. LED ya rimoti hudai mkondo mkubwa kwa vipindi vifupi sana, na betri iliyochoka haiwezi kuutoa ingawa bado ina uhai wa kutosha kuiendesha sakiti. Matokeo yake ni rimoti inayofanya kazi vizuri kwa karibu na kugoma kwa mbali. Betri za alikalini hustahimili madai hayo vizuri kuliko zile za bei ya chini za zinki na kaboni. Betri za kuchaji hutoa volti 1.2 kila moja, na baadhi ya rimoti hupoteza umbali kwa upungufu huo. Tazama pia springi za betri: kama betri iliwahi kuvuja, ukoko ulioganda hapo huzuia umeme, nao husafishika kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kipimo ni rahisi. Washa kamera ya simu, hasa ile ya mbele ambayo mara nyingi haina kichujio kikali cha infraredi, ielekezee rimoti kisha bonyeza. Nukta nyeupe au ya zambarau ikimetameta kwenye kioo cha simu, rimoti inatoa mwanga. Kama baadhi ya vitufe tu ndivyo huiwasha, kasoro iko kwenye mpira wa vitufe, na hakuna kifaa cha kuongeza umbali kitakachoiondoa.

Sababu ya pili, mwanga kuzidiwa, hutokea hasa usiku. Taa za eneji seva na za tyubu zenye sakiti za kielektroniki huwakawaka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, karibu na kasi ileile ya rimoti. Jicho la king'amuzi limeundwa kupunguza usikivu wake lenyewe linapokutana na kelele ya namna hiyo, hivyo mwanga dhaifu kutoka mbali hupotea. Zima taa ujaribu. Rimoti ikifika gizani na kukataa kwenye mwanga, badilisha taa au isogeze mbali na king'amuzi. Mchana, adui ni jua linalopiga moja kwa moja usoni mwa king'amuzi. Mvuke wa maji angani hufyonza sehemu ya mwanga wa jua kwenye eneo la nanomita 940, lakini unaobaki unatosha kulipumbaza jicho, na pazia ndilo dawa.

Sababu ya tatu, kuzibwa, ina sura ndogo na sura kubwa. Sura ndogo ni vumbi, mlango wa kabati la televisheni, au kitambaa cha kufuma kilichotandikwa kwa mapambo kikaning'inia mbele ya king'amuzi. Hizo huondolewa kwa mkono. Sura kubwa ni ukuta wenyewe. Hapo ndipo kifaa cha ziada kinapostahili gharama yake.

Kuvusha kwa waya

Njia yenye uaminifu mkubwa ni kuubadilisha mwanga kuwa umeme, kuupitisha kwenye waya, kisha kuurudisha kuwa mwanga upande wa pili. Chumbani huwekwa jicho dogo la kupokea. Waya mwembamba hupeleka ishara hadi sebuleni, ambako LED yenye gundi hubandikwa juu ya jicho la king'amuzi. Kwa kuwa ishara yenyewe ni ya makumi ya kilohezi tu, masafa ya chini kabisa, waya wa kawaida huibeba mita nyingi bila kuidhoofisha. Wanaoshindwa na njia hii mara nyingi wamebandika LED pembeni ya jicho. Mulika uso wa king'amuzi kwa tochi, nyuma ya plastiki nyeusi utaliona jicho, na hapo ndipo pa kubandika.

Njia ya pili hutumia waya ambao tayari unapeleka picha. Ving'amuzi kadhaa vya vizazi vilivyopita vina tundu la RF linalotoa picha kama chaneli ya antena, na tundu hilo huweza pia kutoa volti 9 kupitia uzi wa katikati wa waya. Chumbani, kati ya waya na televisheni, hufungwa jicho linalokula umeme huo na kurudisha amri kwa njia ileile. Wateja wa Sky nchini Uingereza walilizoea kwa jina la TVLink, na kusini mwa Afrika jicho la aina hiyo lilitumika na ving'amuzi vya DStv. Uzuri wake ni kwamba halihitaji kutoboa ukuta tena.

Mambo matatu huliangusha. La kwanza, umeme wa tundu hilo mara nyingi lazima uwashwe kwenye mipangilio ya king'amuzi. La pili, splita au kikuza ishara kilichoko njiani kisichoruhusu umeme wa DC kupita hulinyima jicho chakula chake. La tatu ndilo la hatari: jicho hili halifungwi kamwe kwenye waya unaokwenda dishini. Waya huo hubeba volti 13 au 18 za kuendesha LNB, yaani kichwa cha kupokea kilichoko dishini, na jicho lililotengenezwa kwa volti 9 huweza kuungua.

Picha ya tundu la RF si ya HD, na ving'amuzi vingi vya sasa havina tundu hilo kabisa. Ndiyo sababu njia ya tatu inazidi kushika nafasi. Waya wa HDMI wa kawaida huanza kusumbua ukivuka mita 10 hadi 15, lakini jozi ya vifaa vinavyopitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6 huweza kupeleka picha safi makumi ya mita, na nyingi kati ya jozi hizo zina njia ya kurudisha amri za rimoti ndani yake. Kwa anayeanza upya, huo ndio mpango unaojitosheleza: waya mmoja, picha inakwenda, amri inarudi. Kabla ya kulipa, hakikisha boksi limeandikwa wazi kwamba lina IR, yaani infraredi, kwani zipo jozi zinazopeleka picha pekee.

Kuvusha kwa redio

Pasipowezekana kupitisha waya, kwa mfano katika nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, redio huja na msaada wake. Kifaa kimoja chumbani hupokea infraredi na kuigeuza mawimbi ya redio. Cha pili sebuleni huyapokea na kuyarudisha kuwa infraredi mbele ya king'amuzi. Vingi hutumia masafa ya megahezi 433.92, yaliyomo katika bendi ya vifaa vya nguvu ndogo kwenye eneo la kimataifa la mawasiliano linalojumuisha Ulaya na Afrika. Masafa hayo hupenya kuta za nyumba vizuri, ingawa nondo za zege na mabati hupunguza nguvu yake. Umbali unaoandikwa kwenye boksi hupimwa mahali pa wazi, hivyo mwenye nyumba ya kuta nzito atarajie pungufu.

Hapa ndipo lile wazo la wahandisi wa Zenith linaporudi. Vifaa vya bei ya chini vya aina hii havina alama ya kumtambua mwenyewe. Kila mwanga unaomulika jicho hurushwa kama ulivyo, na kila kipokezi kilicho karibu huurudia. Jirani mwenye jozi kama yako na king'amuzi kama chako ataona chaneli zake zikihama usiku, nawe utaona zako zikihama mchana. Masafa hayohayo pia hutumiwa na funguo za magari na mageti ya umeme, ambazo huweza kuvuruga amri kwa muda. Katika nyumba iliyosimama peke yake uwanjani, hayo si ya kutisha. Katika jengo la ghorofa, tafuta jozi zinazoruhusu kuchagua namba ya mawasiliano, la sivyo rudi kwenye waya.

Zipo rimoti ambazo zenyewe ni za redio. Sky Q, iliyoanza mwaka 2016, hutumia Bluetooth, na baadhi ya kampuni za Marekani zina rimoti za UHF kwa ajili ya televisheni ya pili. Hizo huunganishwa na king'amuzi kimoja tu, na hivyo zimeondoa tatizo la jirani. Lakini uwezo huo lazima uwe umejengwa ndani ya king'amuzi. Kununua rimoti ya Bluetooth kwa ajili ya king'amuzi kisicho na Bluetooth ni kutupa fedha.

Simu na Wi-Fi

Kizazi kipya cha vifaa, kama vile vya Broadlink, ni kidude cha mezani kinachowekwa sebuleni na kuunganishwa na Wi-Fi. Kidude hujifunza amri za rimoti, na simu iliyoko popote nyumbani hukiagiza kuzimulika. Ukuta hauizuii amri, mradi Wi-Fi inafika pande zote mbili. Hakikisha tu kwamba kifaa unachonunua kinaendelea kufanya kazi ndani ya nyumba hata bando linapokwisha, kwa sababu baadhi hutegemea seva za mbali kwa kila amri.

Njia hii inawafaa vijana. Inanitia wasiwasi inapopelekwa kwa mzee kama suluhisho la mwisho. Mzee aliyezoea vitufe vinavyoguswa na kuhisiwa gizani hulazimishwa kufungua simu, kutafuta programu na kusoma herufi ndogo ili apunguze sauti. Kama lengo lilikuwa kumrudishia uhuru wake, kifaa kimefika lakini lengo limebaki njiani. Kwake yeye, waya wenye jicho chumbani, pamoja na rimoti ya pili inayofanana na ya kwanza, ni msaada ulio kamili zaidi.

Rimoti ikifika na bado haitoshi

Imebaki sababu ya nne. King'amuzi kimoja cha kawaida hutoa chaneli moja kwa wakati mmoja. Kuongeza umbali wa rimoti huongeza watu wenye uwezo wa kuihamisha chaneli hiyo, hakuongezi chaneli. Baba akiwa sebuleni na mpira, na binti akiwa chumbani na tamthilia, rimoti ya pili italeta ugomvi pale ambapo palikuwa na usumbufu tu. Familia ya namna hiyo inahitaji king'amuzi cha pili, LNB yenye njia mbili, waya wake tofauti kutoka dishini, na malipo yanayoendana navyo. Baadhi ya kampuni huruhusu ving'amuzi kuunganishwa chini ya mteja mmoja, na nyingine zina programu za kutazamia kwenye simu. Gharama inapanda, lakini ni afadhali kulipia dawa ya ugonjwa ulio nao.

Kuna pia njia ya mkato ya kuepukwa: kufungua king'amuzi ili kuunga waya kwenye jicho lake la ndani. Vingine vina pawa ndani yake, ambako umeme wa volti 230 hugeuzwa kuwa zaidi ya volti 300 za DC, na kapasita huweza kubaki na sehemu ya umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. LED ya kubandika nje hufanya kazi hiyohiyo bila hatari hiyo.

Uamuzi

Ukizipanga hatua hizi kwa gharama, zinajipanga pia kwa hekima: betri, usafi na mahali pa king'amuzi kwanza, taa na jua baadaye, kisha waya, redio pale waya usipopita, simu kwa anayeipenda, na king'amuzi cha pili kwa wenye matakwa mawili. Anayeruka hatua za mwanzo hulipia za mwisho bila sababu.

Kwa anayejenga sasa, uamuzi wa busara hufanywa kabla ya lipu. Pitisha bomba tupu la waya kutoka ukuta wa televisheni sebuleni hadi kila chumba cha kulala. Gharama yake wakati huo ni ndogo mno, na kila njia ya waya iliyotajwa hapa itapita humo siku itakapohitajika. Na fundi anayekuja kufunga dishi, pamoja na kupima ishara, aulize maswali matatu: nani atakuwa akitazama, kutoka chumba gani, na je, anaweza kuinuka? Akiyapata majibu hayo kabla hajatoboa ukuta, atajua afunge nini.